Hakuacha mtoto: nimwandike vipi shangazi yangu?

Mwezi huu mfuko wa barua umejaa mashangazi. Wamo waliofariki, wamo wanaoumwa, na yumo mmoja anayetaka kuolewa akiwa na miaka 71 (huyo nitamjibu toleo lijalo, maana jibu lake ni fupi: aolewe). Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nitaikalia sana, mnivumilie, kwa sababu imeniingia.

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Bibi. Nina miaka 29, naishi Morogoro. Shangazi yangu, dada yake baba, alifariki mwezi uliopita. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule barazani kwake. Hakujaliwa kuzaa. Siku ya mazishi mzee mmoja wa familia alisoma historia fupi ya marehemu. Haikufika dakika mbili: alizaliwa, alisoma mpaka darasa la nne, aliolewa, waliachana, aliugua sukari na presha, alilazwa mara tatu, akafariki. Akamalizia, "Marehemu hakuacha mtoto," akakunja karatasi. Bibi, mimi nilikuwa nimesimama palepale, nimeshika mkoba wake. Sasa ibada ya arobaini inakaribia na familia imeniambia niandike historia nyingine, "ndefu kidogo". Nimekaa na kalamu siku nne. Kila nikianza natoka na yaleyale. Hata mwaka wa kuzaliwa sina uhakika nao. Kitambulisho kinasema 1958, na bibi mmoja wa ukoo anabisha. Niandike nini?
Msomaji wa Msamvu

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mtu akifiwa na mama, kazini wanampa ruhusa na majirani wanakuja na mchele. Akifiwa na shangazi anaambiwa "poleni" mlangoni, kisha anaulizwa ile ripoti imefikia wapi. Wanaofanya hivyo hawajawahi kulelewa na shangazi.

Yule mzee usimwekee kinyongo. Alijaza fomu tu. Siku hizi historia ya marehemu ina fomu yake isiyoandikwa popote ila kila mtu anaijua: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, maradhi, kifo, na mstari wa mwisho, "ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na wawili." Asiyezaa akifikishwa kwenye mstari ule, msomaji anashikwa na kigugumizi. Wengine wanauruka. Mzee wenu alisema alichokiona kwenye karatasi. Mimi mwenyewe nilishawahi kuishika karatasi ya namna hiyo, nikaona nafasi iliyoachwa wazi, nikataka kuichana.

Nikuambie habari za wangu, halafu turudi kwa wako.

Shangazi yangu alizaliwa kijiji cha karibu na Muheza, mkoa wa Tanga, akafariki mwaka 2014. Mtaani walimwita Bi Mawe. Hakuzaa. Nilipelekwa kwake mwaka 1968, nina miaka saba, nimebeba kikapu cha ukili chenye magauni mawili na sahani ya bati. Ile sahani baba aliniwekea ili nisionekane mzigo. Shangazi aliitoa, akaipandisha juu ya kabati, akasema, "Hapa hakuna sahani ya mtu." Imekaa kule juu mpaka ikashika kutu.

Alikuwa akifanya kazi shamba la mkonge, akianika katani. Jani likitoka korona, ile mashine ya kusagia majani ya mkonge, ni nyuzi mbichi, zinachuruzika maji ya kijani yanayowasha, na waanikaji wanazibeba kwenda kuzitandaza kwenye nyaya juani. Jioni alikuwa anakaa na beseni la maji ya chumvi, mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Baadaye sana, nilipokuwa mwalimu, nilimsomea kutoka kitabu cha historia kwamba mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Hindorf, na kwamba njiani miche mingi ilikufa, ikafika 62 tu iliyo hai, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Akatazama mikono yake. "Sitini na miwili tu?" akasema. "Na hiyo nayo ingekufa."

Haikufa. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani. Kisha kamba za plastiki zikaenea duniani, bei ikaanguka, mashamba yakaingia majani. Shangazi aliachishwa kazi mwaka 1977, akanunua chuma cha vitumbua.

Unaona? Mpaka hapa nimeshakwambia mambo ambayo fomu ingeyaandika kwa maneno manne, "alikuwa mfanyakazi wa mkonge." Maneno manne hayo hayana beseni la maji ya chumvi. Ukiandika ya shangazi yako, usiseme alikuwa fundi cherehani. Sema cherehani yake ilikuwa ya miguu au ya mkono, ilikaa upande gani wa baraza, na mlio wake uliwaamsha saa ngapi. Mwezi wa Desemba, kabla shule hazijafunguliwa, vitambaa vilifika wapi? Kitandani? Alilala wapi basi?

Sasa lile jina la Bi Mawe. Wewe hukuiona miaka ya foleni. Baada ya Vita vya Kagera, mwanzoni mwa miaka ya themanini, sukari ilikuwa ya kusikia, sabuni ya kusikia, mafuta ya kula ya kusikia. Ukipata habari kwamba lori limeshusha, unakwenda dukani usiku na unapanga foleni. Asiyeweza kukesha aliweka jiwe, na jiwe lilihesabiwa kama mtu. Shangazi alikuwa anatoka saa kumi alfajiri, kabla hajawasha jiko, na mawe saba kwenye karai: lake, la mama mwenye kichanga, la mzee kipofu wa nyumba ya tatu, la mwalimu (huyo ni mimi, nilikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na usingizi ulinipenda), na ya wengine watatu. Kila jiwe alilijua. La mzee kipofu lilikuwa na doa la chokaa. Siku moja kijana mmoja alilipiga teke jiwe lile ili asogee mbele. Shangazi alimrudisha, akamfanya aliokote, alifute vumbi, na aliombe radhi. Jiwe! Watu walicheka mpaka karani wa duka akatoka kuangalia. Hakuna aliyegusa mawe yake tena.

Sukari ilipokosekana kabisa alipika vitumbua kwa sukari guru, vikatoka vyeusi kama vimeungua. Wateja walilalamika na wakala.

Nakuja kwenye swali lako. Umekaa siku nne na kalamu kwa sababu unakumbuka peke yako. Ondoka mezani. Mambo mawili uyatafute kabla hujaandika neno.

La kwanza ni daftari la rambirambi. Lazima lipo, mweka hazina wa msiba analo. Watu wanalitumia kujumlisha hela tu, kisha wanalitupa. Lisome jina kwa jina. Ndugu na majirani utawajua. Tia alama kwenye majina usiyoyajua: yule aliyeandikwa "Baba Rehema, bodaboda, 2,000", au "wa sokoni", au "Mwl. mstaafu". Hao ndio uwafuate. Mtu asiyekuwa na undugu nanyi hatoi shilingi elfu mbili, pamoja na nusu ya siku yake ya kazi, bila ya sababu. Muulize sababu tu, kisha nyamaza. Usimuulize "marehemu alikuwa mtu wa namna gani", maana atakujibu "alikuwa mcheshi na mwenye upendo", na hapo umerudi kwenye fomu.

La pili ndilo lililonifanya niruke kwenye kiti nilipoisoma barua yako. Shangazi yako alikuwa fundi cherehani wa sare. Basi daftari lake la vipimo liko wapi? Kila fundi analo: jina la mtoto, kifua, kiuno, bega, urefu, bei, alicholipa, alichobakiza. Litafuteni kwenye droo ya cherehani, chini ya godoro, ndani ya mfuko wa vifungo. Likipatikana, angalia majina ambayo mbele yake hakuna bei. Mimi naweka nadhiri kwamba yapo.

Najua kwa sababu na wangu alikuwa na daftari. Kuandika alijifunza ukubwani. Mwaka 1970 Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Shangazi akaanza kwenda ngumbaru jioni, chini ya mwembe, mikono ikinuka katani. Mwaka 1975 sote wawili tulikuwa na mtihani: mimi wa darasa la saba, yeye ule wa kitaifa wa kisomo. Wake ulikuwa Agosti, ukatangulia. Alifaulu. Akanitazama mwezi mzima kama mtu anayesubiri kuona mwingine atafanyaje.

Alipofariki nililikuta daftari lake ndani ya pipa la mchele. Madeni ya vitumbua. Wengi hakuwajua majina, aliandika anavyowaona: "Mrefu 2." "Mwenye kofia 6." "Mama wa pacha 10, acha, ana mgonjwa." "Fundi baiskeli 4." "Mwl. 12," nami sikuuliza ni mwalimu yupi. Madeni 31 kwa jumla, mengine ya miaka kumi nyuma, na neno "acha" mara kumi na tisa. Lile neno "acha" ndilo nililolisoma siku ya hitma ya arobaini, upande wa wanawake, baada ya kisomo. Baba mdogo alinikataza tangu jana yake. Alisema madeni hayasomwi mbele ya watu. Nilimheshimu, nikasoma bila majina. Hata hivyo kila mtu alijijua. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka na kulia, na mama wa pacha alisimama akatoka nje.

Baada ya chakula fundi baiskeli alinifuata jikoni, mzee wa miaka themanini hivi, akaninyooshea shilingi mia nne. Nikakataa. Akazirudisha mfukoni haraka sana. "Kwanza hatudaiani," akasema. "Ile spoku anayogeuzia vitumbua nilimpa mimi. Mbona hakuiandika?"

Nimerefusha, nakiri. Lakini tazama nilichopata: shangazi asiye na mtoto alikuwa na watu thelathini na mmoja waliokula kwake bila kulipa, na wote walikuwemo humo ukumbini au walituma mtu.

Sasa mambo madogo madogo.

Mwaka wa kuzaliwa usikuumize. Kizazi kile wengi walitaja mwaka dirishani ili karani apate cha kujaza. Kaa na yule bibi anayebisha, umuulize kwa matukio. Siku bendera ilipopandishwa, 9 Desemba 1961, marehemu alikuwa anabebwa mgongoni au anatumwa maji? Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967 alikuwa ameanza shule? Wangu tulimpata hivyo. Bibi alikuwa akisema alimzaa wakati askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, wanarudi kutoka vitani Burma, tukaandika "karibu 1946", na hakuna aliyenyanyua mkono.

Maradhi yapewe sentensi moja. Historia nyingi tunazosikia makaburini ni historia za hospitali: alilazwa huku, akahamishiwa kule, akafanyiwa kipimo, akaongezewa damu. Mtu ameishi miaka sitini na kitu na nusu ya karatasi imekwenda kwa miezi minne ya mwisho. Sukari na presha vilimchukua, basi, inatosha.

Ya ndoa usiyafiche na usiyachimbe. "Aliolewa, wakaachana" ni sentensi kamili. Ndugu wa yule mwanaume huenda wakawepo, na wewe umekuja kumsema shangazi.

Na kasoro zake uziweke, angalau moja. Hapa wachungaji na masheikh wengine watanuna, kwa sababu wamezoea marehemu wote wawe malaika. Lakini waliomjua wakisikia malaika anasomwa wanaanza kuangalia saa. Wangu alikuwa na ulimi mkali na kinyongo kirefu. Hakusemezana na jirani wa ukuta mmoja kwa miaka tisa kwa sababu ya kuku. Kuku mmoja, tena jogoo. Nililisoma hilo nalo, na jirani mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Isomeke kwa dakika tano. Kurasa mbili za mwandiko wa mkono zinatosha kabisa. Na uisome wewe. Usimpe MC. MC ana sauti ya harusi.

Umebaki mstari wa mwisho, ule uliokuumiza. Usiuruke, uuandike upya. Kiswahili hakijasema popote kwamba "ameacha" lazima ifuatwe na waliotoka tumboni. Mimi niliandika hivi, na unaweza kuuiga: "Ameacha kaka mmoja. Ametuacha sisi watano aliotulea, mmoja wetu ndiye ninayesoma. Ameacha chuma cha vitumbua na spoku yake. Ameacha daftari la madeni 31 na agizo kwamba yasidaiwe. Na amemwacha jirani mmoja wasiyesemezana, ambaye alifika siku ya kwanza kabla yetu na akaosha vyombo mpaka usiku."

Wa kwako anza na wewe mwenyewe. Jina lako liwe la kwanza baada ya neno lile. Kisha weka idadi ya watoto waliomo kwenye daftari la vipimo. Kama ni mia tatu, sema mia tatu, na yule mzee akiwepo, isome hiyo namba polepole.

BARUA YA PILI

Bi, hujambo? Mimi niko Mombasa. Shangazi yetu alituacha miezi mitatu sasa. Tumekuta sandukuni mwake kanga doti 46, nyingine hazijafuliwa hata mara moja. Sisi mabinti wa ndugu zake tu saba, na twagombana hadi watu wazima wametuingilia. Doti tatu zina jina moja, "Umdhaniaye ndiye siye". Zigawanywe vipi?
Mmoja wa saba

Mwanangu, kabla ya kugawa, kama familia yenu inafuata mirathi ya Kiislamu basi nguo nazo ni mali, na nyinyi watoto wa ndugu huenda si warithi mkiwa na baba zenu hai. Mwulizeni sheikh, na wenye haki zao waseme wenyewe kwamba wameziachia. Mkishalimaliza hilo, kugawana ni furaha.

Arobaini na sita kwa saba haiingii sawa, zinabaki nne. Hizo nne wapeni waliomwosha. Hizo nyingine msizigawe kwa macho, nani kapata nyekundu nani kapata ya bluu. Zitandazeni chini zote siku moja, mkae na bibi mmoja aliyekuwa shoga yake, na mzisome majina. Kanga hainunuliwi kwa rangi peke yake. Ilinunuliwa ivaliwe mbele ya mtu fulani, ipite mlangoni kwake polepole, arudi nayo tena kama hakuisoma vizuri. Huyo shoga atawaambia kila moja ilimlenga nani, na mtacheka mpaka mbavu ziume. Na mkutano huo ndio utakaowapatanisha, mimi nimeshauona ukifanya kazi.

Doti mnayoigombea watu wawili, ikateni katikati. Simaanishi mkasi wa hasira. Doti ni pande mbili na kila upande una pindo lake, mji wake na jina lake. Kila mmoja abaki na upande mmoja. Mkikutana harusini mmevaa, doti imekutana. Zile za zamani zenye chapa ya Mali ya Abdulla, kama zimo, zisifuliwe kwa sabuni kali wala kuanikwa jua la saa saba.

Na doti tatu za "Umdhaniaye ndiye siye"? Mtu hanunui jina moja mara tatu kwa bahati mbaya. Kuna aliyeambiwa mara tatu na hakusikia. Mtafuteni, apewe moja. Kama ni mmoja wenu ninyi saba, natumaini atakuwa na adabu ya kuipokea.

BARUA YA TATU

Assalaam alaykum Bi. Mie niko Muscat, kwetu Pemba. Shangazi yangu alikuwa hajui kuandika kwenye simu, kila kitu ananitumia kwa sauti ya WhatsApp. Amefariki. Ninazo sauti zake 140 na kitu, na simu yangu kioo kimepasuka, huwaka ikitaka. Nyingi hata hazina maana: mvua, karafuu, umekula? Nafanyaje nisizipoteze?
Wa Muscat

Waalaykum salaam, na Allah amrehemu. Leo hii, usingoje wikiendi. Simu ingali inawaka, ifungue, ingia kwenye mazungumzo yenu, nenda kwenye sehemu ya kuhamisha gumzo, chagua pamoja na faili zake, ujitumie kwenye barua pepe yako. Kama ni nyingi mno hazipiti, mpe fundi anayeaminika anakili folda nzima ya sauti kwenye kompyuta, kisha akutilie kwenye flashi mbili. Moja kaa nayo, ya pili mpe ndugu aliye nyumba nyingine, maana flashi nazo hufa na haziagi.

Ukishatulia, chukua daftari. Sauti moja, mstari mmoja: tarehe, na alilolisema. Usizisikilize zote usiku mmoja. Tano kwa siku zinatosha, na iwe mchana.

Na unikome kusema hazina maana. Msimu wa karafuu akikwambia mwaka huu wachumaji wanadai kiasi gani kwa pishi, nani kaanguka mkarafuuni, majamvi yameanikwa wapi na mvua imeyakuta, hiyo ndiyo Pemba yenyewe, kwa lafudhi yake, kwa mdomo wa mtu aliyekuwepo. Watoto wako wanaokulia huko Muscat wataisikia wapi kwingine? Hiyo "umekula?" ihesabu imo mara ngapi. Niandikie namba.

Mimi ninayo sauti moja tu ya Shangazi wangu, sekunde kumi na nne, niliirekodi mwaka 2011 kwa simu ya mpwa wangu bila ya yeye kujua. Mwanzoni ni spoku inagonga chuma, tik, tik, na mafuta yanachemka. Kisha anasema, "Ondoa hicho kisimu chako, kitaingia mafuta." Halafu inakatika, kwa sababu nilikiondoa.